Vifimbo Viwili vya Fundi Saa

Usimguse farasi kama huna la kumwambia. Kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwa Bi Mgongo alifundishwa kanuni hii kabla hajaruhusiwa kushika hatamu, na aliyeisahau aliteremshwa akapewa ufagio. Kisigino kinachomgusa farasi ubavuni ni swali: unakwenda, unageuka, unaongeza hatua? Ukiuliza, ngoja jibu. Ukijibiwa, nyamaza. Mtu anayemgonga farasi ubavuni bila kutaka kitu, kama mtu anayegonga meza kwa vidole akisubiri chai, anamfundisha jambo moja tu, kwamba kuguswa hakuna maana. Farasi huyo hana ugonjwa wowote. Ameacha kusikiliza, basi, na kumrudisha ni kazi kubwa kuliko kumfunza farasi asiyejua lolote.

Jina la Bi Mgongo alipewa na wanafunzi, kwa sababu neno lililosikika zaidi uwanjani lilikuwa lake: "Mgongo." Alilisema kwa sauti ya kawaida, na watoto, na hata baba zao waliokuja kuwachukua, walijikuta wamenyooka. Alianza kazi pale kwenye banda la farasi akiwa msichana wa kusugua matandiko kwa sabuni ya ngozi. Alijifunza kwa kutazama, akaruhusiwa kupanda farasi wazee waliohitaji kunyooshwa miguu, na mwisho akawa mwalimu. Hakuolewa. Alikuwa na mama yake, mdogo wake, na Zabibu.

Zabibu alikuwa farasi jike, mweusi wa kukaribia kahawia, mali ya mwenye banda. Bi Mgongo ndiye aliyemfundisha tangu siku ya kwanza kuvishwa tandiko. Mchezo wao ulikuwa dresaji. Kwa asiyeujua, mpandaji na farasi huingia katika uwanja wa mchanga wenye herufi pembeni, wakafuata mpango wa hatua, miduara na migeuko mbele ya waamuzi, na kila tendo hupewa alama. Hakuna kuruka vizuizi, hakuna kufukuzana. Kinachotazamwa ni maelewano. Farasi afanye anachoombwa kana kwamba wazo ni lake, na mpandaji aonekane hafanyi kitu. Ni mchezo wa watu wenye subira, na Bi Mgongo alikuwa nayo tele, kwa farasi.

Mdogo wake alikuwa fundi saa. Homa ya utotoni ilimwachia miguu isiyoweza kubeba mwili, akawa anatembea kwa magongo mawili ambayo mipira yake ya chini aliibadilisha mwenyewe kila ilipolika. Kibanda chake cha kazi kilikuwa kati ya duka la dawa na duka la picha, na ndani mlienea meza, kiti, taa ya shingo ndefu na yeye. Alikaa mchana kutwa na lenzi jichoni, akishika vijigurudumu ambavyo mtu mwingine angevipoteza kwa kupumua tu. Alikuwa mtu wa mzaha. Mteja akimwuliza habari za miguu alijibu, "Imestaafu mapema, na kiinua mgongo hakikulipwa."

Daktari ndiye aliyeshauri apande farasi, ili mgongo na kiuno vipate nguvu. Bi Mgongo alilipokea shauri hilo kwa moyo mmoja. Yeye na Mama Ndoo, mtunza farasi mnene mwenye kicheko cha ghafla, walimpandisha fundi saa juu ya Zabibu kwa kutumia jukwaa la mbao, kisha Bi Mgongo akashika kamba na kuwatembeza kuzunguka uwanja. Wazazi waliokuwa wakingoja watoto walitazama wakasema, "Huyu ndiye dada." Alisikia, na maneno hayo yakamkaa vizuri kifuani.

Wala wema huo haukuwa wa uongo. Lakini kuna wema unaodumu mradi kamba imo mkononi mwa mtenda wema, na hakuna anayeujua mpaka siku kamba inapoachiwa.

"Dada, niachie," alisema fundi saa siku moja.

"Utaanguka."

"Nikianguka utaniokota. Si ndiyo kazi ya kuzaliwa kwanza?"

Akaachiwa, na hakuanguka.

Kwa kuwa visigino vyake havikuweza kuuliza swali, alipewa vifimbo viwili vyembamba, kimoja kila mkono, vikining'inia kandokando ya mapaja hadi mahali ambapo kisigino kingegusa. Hatamu zake zilishonewa vitanzi ili zisimponyoke. Kwa mengine yote alitumia makalio, pumzi na sauti ndogo isiyofika hata ukingoni mwa uwanja. Mikono yake ilikuwa imezoea kugusa vitu vinavyoharibika kwa kuguswa vibaya. Alimgusa Zabibu mara moja, akangoja. Zabibu, ambaye miaka yote alikuwa ameulizwa na miguu, aligeuza sikio nyuma, akafikiri, akajibu. Baada ya muda hakuhitaji tena kufikiri.

Hapo ndipo Bi Mgongo alipoanza kutopenda kutazama. Alijipa sababu. Alikuwa na wanafunzi, alikuwa na matandiko ya kukagua, jua lilimpiga usoni. Ukweli ni kwamba alimwona farasi wake akifanya kwa mtu mwingine, kwa raha, jambo ambalo kwake alilifanya kwa utii.

Wakati ule wapandaji wenye ulemavu walishindana katika kundi lao wenyewe. Waliingizwa uwanjani saa ya chakula, waamuzi wakiwa na sahani mapajani, na kila mmoja alitoka na utepe wa mshindi. Fundi saa alishiriki mara moja, akaja nyumbani akaufunga utepe ule shingoni mwa birika.

"Umeshinda?" mama yao aliuliza.

"Sote tumeshinda, mama. Hata yule ambaye farasi wake alilala."

Akaiandikia kamati ya kilabu cha wapanda farasi akitaka kushindana katika kundi kuu, na wenzake wawili wakafuata. Kamati ilibishana kwa vikao kadhaa. Mwishowe ikakubali, na mwamuzi mkuu, mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akaeleza mbele ya wote: "Kila mmoja atakuwa na kibali kinachosema anaruhusiwa msaada gani. Huyu vifimbo viwili, yule kutoa heshima kwa kichwa bila kuachia hatamu. Msaada ni wa kuziba pengo, si wa kumwongezea mtu. Alama ni zilezile kwa wote. Sitoi alama ya pole."

Bi Mgongo alipiga makofi pamoja na wengine. Kisha mwenye banda, mama mjane asiyependa maneno mengi, akasema la kwake. "Zabibu ni mmoja. Ninyi ni wawili. Atakayepata alama nyingi siku ya mashindano ya kilabu ndiye atakayekwenda naye kwenye mashindano makubwa."

Ieleweke uzito wa maneno hayo. Bi Mgongo alikuwa amekwenda kwenye mashindano makubwa huko nyuma na farasi wa kuazima, na kila mara alirudi na vumbi. Zabibu sasa alikuwa amekomaa. Kazi yote aliyoifanya kwa mnyama yule, asubuhi za baridi na mchana wa jua kali, ilikuwa kwa ajili ya mwaka huu. Naye magoti yake yalikuwa yameanza kulalamika kwenye ngazi. Hakudhani kwamba kizuizi kingetoka chumba cha pili cha nyumba yake.

Siku ya mazoezi mbele ya mwamuzi mkuu, dada alipanda kwanza, mdogo akafuata, farasi huyohuyo, mpango uleule. Mdogo alipata zaidi. Si zaidi sana, lakini kidogo kilitosha. Mwamuzi alimwita Bi Mgongo kando, akidhani anampa furaha. "Mwalimu, umemfunza vizuri. Umeona lakini? Kwa mdogo wako farasi huyu anapumua."

Jioni hiyo mezani mama yao hakuweza kunyamaza. "Hata muuza dawa ameniambia. Anasema mtoto wangu amewapita wenye miguu."

"Wamemhurumia," Bi Mgongo alisema, akichagua mifupa ya samaki.

"Huruma haitoi nusu alama, dada," fundi saa alijibu. "Mimi nimepewa na nusu juu."

Mama alicheka. Bi Mgongo naye alicheka, meno tu. Usiku alimsikia mdogo wake ng'ambo ya ukuta mwembamba akipanga zana zake kwenye sinia ya bati, akiimba chinichini, na kila kibano kilipogusa bati alihisi kama kinawekwa makusudi ili asilale.

Wivu hauji ukisema jina lake. Huja umevaa nguo ya haki. Bi Mgongo alikwenda kwenye kamati akasema hana ugomvi na mtu, ila mchezo una kanuni. Mpandaji mwingine akiingia na vifimbo viwili anatolewa. Akitumia sauti anapunguziwa alama. Iweje mmoja aruhusiwe yote mawili? "Anayeomba kucheza na wakubwa acheze kama wakubwa," alisema. Maneno yalipendwa na wachache waliokuwa wakiyangoja.

Mwenye banda alimsikiliza mpaka mwisho. "Unasema vifimbo viwili ni faida?"

"Nasema hivyo."

"Basi panda navyo. Mguu usitumie. Tuone faida."

Alipandishwa Zabibu palepale, vikuku vya tandiko vya kukanyagia vikaondolewa, akapewa vifimbo. Wanafunzi walikuja ukingoni kuangalia. Alianza vyema. Kisha kwenye kona ya kwanza mguu wake wa upande wa kona ulijikaza wenyewe, kama ulivyofanya maisha yake yote.

"Mwalimu, mguu," Mama Ndoo aliita.

Akauachia. Kona ya pili ukarudi.

"Mguu huo, mwalimu. Huyoo. Amerudi tena na mwenzake."

Wanafunzi wakaanza kucheka, na Zabibu, akiulizwa na miguu jambo moja na vifimbo jambo jingine, akasimama katikati ya uwanja akapiga chafya. Bi Mgongo aliteremka. Hakuna aliyemtukana. Mwamuzi mkuu hata alimfariji, akisema yeye mwenyewe asingefika kona ya kwanza.

Mtu mwadilifu angeona jibu lake hapo. Angesema: nilidhani ni zawadi, kumbe ni kazi. Bi Mgongo aliliona, kwa maana hakuwa mjinga, akageuza uso. Tangu siku hiyo hakuwa anashindana na vifimbo. Alikuwa anashindana na mtu, na mtu huyo alimpikia uji asubuhi na kumsalimia, "Shikamoo, dada. Magoti yameamkaje?"

Kilichofuata alikifanya mchana kweupe, na hilo ndilo linaloudhi zaidi. Fundi saa alikuwa kibandani kwake hadi jioni. Bi Mgongo alimtandika Zabibu, akachukua vifimbo viwili vilevile, akaenda naye kwenye uwanja wa nyuma wenye majani. Akamwachia atembee ovyo, hatamu zimelegea, na huku akitembea akamgusa. Kulia, kushoto, kulia. Hakumwumiza hata kidogo. Hakumwambia ageuke wala aongeze mwendo. Zabibu aliposogea kando kwa kujibu, alimrudisha kwenye mstari. Alipoharakisha kwa kujibu, alimpunguza. Akaendelea kumgusa. Mnyama alijibu tena, akarudishwa tena. Masikio yake yalikwenda mbele na nyuma yakitafuta swali liko wapi. Kufikia mwisho wa alasiri ile sikio moja lilikuwa limekata tamaa.

Alirudia kesho yake, na kesho kutwa, na siku zilizofuata, mpaka wiki ya mashindano. Jioni fundi saa alipokuja kufanya mazoezi, dada alimwambia Zabibu amechoka leo, apumzishwe, tumpe matembezi tu. Na fundi saa alikubali, kwa sababu aliyemwambia alikuwa mwalimu wake.

Mama Ndoo alipita siku moja na toroli la majani makavu, akasimama kando ya uzio.

"Mwalimu, leo mnaulizana nini na huyo?"

"Namzoesha."

"Unamzoesha nini?"

"Vifimbo. Ili siku yenyewe asishtuke."

Mama Ndoo alitazama vifimbo vikipanda na kushuka. "Huyu mbona hashtuki. Huyu sasa ni kama mume wangu, naongea anatafuna." Akacheka, akasukuma toroli. Kicheko kiliishia njiani kabla hajafika bandani, lakini hakurudi kuuliza tena. Wengi wetu tunaona na kusukuma toroli.

Siku ya kilabu watu walijaa kuliko kawaida, kwa sababu habari za kundi kuu kufunguliwa zilikuwa zimesambaa. Wenzake wawili wa fundi saa walipanda mapema. Mmoja alifanya vizuri wastani, mwingine alisahau mpango katikati akacheka mwenyewe. Kisha ikawa zamu ya Zabibu na fundi saa. Bi Mgongo angefuata baadaye, farasi akishapumzika.

Fundi saa aliingia amevaa koti la kuazima lililompwaya mabegani. Alisimama, akainamisha kichwa kutoa heshima, waamuzi wakaitikia. Akaanza. Mstari wa kwanza ulinyooka. Kwenye herufi ya kwanza ya kugeuka alimgusa Zabibu kwa kifimbo cha kulia, na Zabibu akaendelea mbele kama mtu aliyeitwa na mlevi barabarani. Akamgusa tena. Mnyama hakukasirika wala hakugoma. Hakuwa na habari.

Waliokuwa karibu waliuona uso wa fundi saa ukibadilika. Angeweza kuchapa. Vifimbo alikuwa navyo, kibali alikuwa nacho, na farasi akichapwa angalau angeruka. Hakuchapa. Aliteremsha uzito upande mmoja, akasema neno dogo, akangoja, na Zabibu akageuka akiwa amekwisha kuipita herufi. Ikawa hivyo karibu mpango mzima. Kila tendo lilikuja, lakini lilikuja limechelewa, miduara ikawa mayai, na pale palipotakiwa kukimbia mdogomdogo kutoka kwenye kutembea, farasi alitembea hatua nyingi mno kabla ya kukumbuka. Fundi saa alimaliza. Aliinamisha kichwa tena, akamsugua Zabibu shingoni, akatoka.

"Masikini, amejitahidi," mzazi mmoja alisema kwa sauti ya upendo.

Na mjumbe wa kamati, mmoja wa wale waliopenda hotuba ya Bi Mgongo, alisema, "Basi tumeona wenyewe. Kundi lao lilikuwa zuri tu, kwa nini tulisumbuana?"

Bi Mgongo aliyasikia yote mawili akiwa anafunga glavu. Alikuwa amekusudia kumshinda mtu mmoja. Sasa alikuwa ametia mkono wake katika hoja dhidi ya watu asiowajua, waliokuja na magongo na viti vya magurudumu kutoka mitaa ya mbali ili waone kama na wao wanaweza kuomba. Angeweza kwenda kwa mwamuzi mkuu hapohapo. Alipanda farasi.

Alimwendesha kwa miguu, kwa nguvu zaidi ya kawaida yake, na Zabibu alifanya. Haikuwa kazi ya kupendeza, ila ilikuwa sahihi, na alama zake zilitosha. Mwenye banda alimpa mkono. "Utakwenda naye," alisema.

Bi Mgongo alimkuta fundi saa kwenye chumba cha matandiko. Alikuwa ameketi juu ya sanduku la brashi, magongo yameegemezwa ukutani, koti lile limekunjwa vizuri mapajani kwa ajili ya kurudishwa.

"Hongera, dada."

"Ahsante. Siku nyingine Zabibu ata..."

"Ulimgusa."

Bi Mgongo alianza kuning'iniza hatamu kwenye msumari. Zilianguka, akaziokota.

"Farasi huwa na siku zake," alisema.

"Saa ikija kwangu imesimama, najua kama imezeeka au imefunguliwa na mtu. Zabibu hajazeeka."

"Nimemfundisha mimi. Tangu hajui hata kuvaa lijamu. Wewe umekuja juzi ukakuta kila kitu tayari."

"Ndiyo," alisema fundi saa. "Ndiyo maana ulijua mahali pa kumharibia."

Haikusemwa kwa hasira. Alinyoosha mkono akachukua gongo la kwanza, kisha la pili. Dada yake alisogea kumsaidia kusimama, kama alivyofanya siku zote.

"Acha," fundi saa alisema. "Namwita Mama Ndoo."

Akamwita, akaja, akamwinua.

Kwenye mashindano makubwa Bi Mgongo alipata alichostahili. Akili ya farasi haina vyumba viwili, kimoja cha vifimbo na kingine cha visigino. Zabibu aliyefundishwa kwamba kuguswa ubavuni ni kelele tu, alianza kuwa mzito hata kwa miguu. Bi Mgongo alimwuliza mara moja, akamwuliza mara mbili, na mara ya tatu mguu wake ulionekana hadi kwa watu wa viti vya nyuma. Aliwekwa katikati ya orodha. Mwamuzi mgeni aliandika maneno machache tu, kwamba farasi ni mzuri ila anajibu kwa kuchelewa, na mwalimu wake aangalie jambo hilo.

Aliporudi, mwenye banda alikuwa ameshazungumza na Mama Ndoo. Hakumfukuza, kwa kuwa hakuwa na mwalimu mwingine. "Utamrudisha farasi wangu kama alivyokuwa," alimwambia. "Na hutashindana naye tena. Wengine watadhani ni kwa sababu ya magoti yako. Mimi na wewe tunajua."

"Na kamati?"

"Kamati utaiambia mwenyewe. Wasije wakawafungia watu mlango kwa sababu yako."

Aliiambia. Alisimama mbele ya kamati mgongo umenyooka, akasema alichokifanya kwa sentensi chache, bila kujitetea. Yule mjumbe alitazama dari. Kundi kuu likabaki wazi, na limebaki wazi hadi leo. Hilo ndilo jema pekee ninaloweza kumwandikia katika habari hii, na nalo lilikuja baada ya kusukumwa.

Mama yao aliposikia, alisukuma kikombe chake cha chai kando. "Nilidhani nimewazaa wawili ili msaidiane," alisema. "Nenda ukamwombe radhi mwenzio."

Alikwenda. Fundi saa alikuwa kitandani, sinia ya zana pembeni, anafunga saa ya mtu kwenye karatasi.

"Nilikuonea wivu," Bi Mgongo alisema. "Sina neno jingine la kulisema. Nisamehe."

"Nimekusikia, dada."

Alingoja zaidi ya hapo. Mdogo wake alifunga saa, akaandika jina la mteja juu ya karatasi, akaomba mlango urudishwe kwa kuwa kuna upepo.

Fundi saa alihamia banda jingine upande wa pili wa mji, lenye uwanja mdogo na farasi mmoja tu anayefaa, mwenye umri mkubwa na tabia ya kulala amesimama. Anashindana katika kundi kuu. Hajashinda bado, na haoni aibu kusema hivyo. Waliomwona wanasema farasi yule mzee huamka akiwa naye.

Nyumbani hakuna ugomvi. Asubuhi mdogo husema "Shikamoo, dada," na huitikiwa. Chumvi hupitishwa mezani. Akirudi kutoka bandani na mchanga kwenye viatu, mama ndiye anayeuliza na kuelezwa habari za farasi, na Bi Mgongo akiingia habari hubadilika kuwa za bei ya mkaa.

Kumrudisha Zabibu kulichukua msimu mzima, na sasa anasikia tena. Bi Mgongo alipata safari moja na nafasi ya katikati. Alichotoa kuvilipia ni mdogo wake, na hana mdogo mwingine.